Kundi Letu la Kusoma na Siku ya Moshi

Wiki iliyopita kijana mmoja, msimamizi mpya wa zamu, alinifuata hapa nyumbani Ushirombo. Alikuja na pikipiki, vumbi hadi kwenye nyusi. Akaniamkia, nikamwitikia, nikamwekea kiti. Anataka kuanzisha kundi la kusoma vitabu kazini kwake, ili wenzake wajifunze uongozi, na amesikia kwamba sisi tuliwahi kuwa nalo. Akatoa simu, kidole tayari kuandika.

"Mama Kulwa, mlianza na kitabu gani?"

Nikamwambia aiweke simu mfukoni kwanza. Nikamsimulia habari ya Masanja na shemeji yake Shija, na alipoondoka chai yake ilikuwa imepoa bila kuguswa. Najua na wengine mtakuja na swali lile lile. Koo langu si la kusimulia kila siku, kwa hiyo nimeamua kuandika.

Mimi nilikuwa mtu wa redio. Mgodi wetu ulikuwa wa chini ya ardhi, si mbali sana na Runzewe, na kazi yangu ilikuwa kukaa katika chumba cha mawasiliano juu, karibu na mdomo wa mgodi, nikizungumza na watu walioko chini. Kazi hiyo inafundisha masikio. Mtu akikwambia "niko salama," baada ya miaka unajua kama yuko salama kweli au anajikaza tu. Unajua nani ana homa, nani kagombana na mkewe, nani anaogopa. Msiidharau kazi ya kusikiliza. Wengi wenu mnadhani kiongozi ni mdomo.

Enzi zile nasi tulidhani hivyo. Mtu alipandishwa cheo kwa kuujua mwamba au mashine. Kuhusu binadamu hakuna aliyemfundisha kitu, basi akawa anapiga kelele. Na katika kupiga kelele hakuna aliyemfikia Masanja, mkuu wa zamu yetu. Alikuwa mrefu, mabega kama mlango, na sauti yake ilifika kabla yake. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda kazi iende, basi.

Siku moja alimwamuru mchimbaji aendelee kutoboa mwamba. Yule mtu aliona kabisa kwamba chuma cha kutobolea kimeingia ufa. Akanyamaza, akatoboa. Chuma kikakatika, kipande kikaruka na kupita kando ya sikio lake, kikapiga ukuta hadi cheche zikatoka. Masanja akamwendea mbio.

"Uliuona huo ufa?"

"Niliuona, bosi."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Uliniambia nitoboe."

Habari hiyo ilimfikia afisa mafunzo wetu, Zuhura, mama wa Tanga aliyekuja huku kikazi na hakuwahi kuizoea baridi yetu ya asubuhi. Ndiye aliyeanzisha kundi. Alisema anachotaka ni mahali ambapo watu watazoea kusemezana ukweli kabla ya hatari, ili hatari ikija wasianze kujifunza siku hiyo. Na alisema kitabu kinasaidia kwa sababu unaweza kumsema mtu wa kwenye kitabu bila kumuudhi mtu wa mezani.

Mwanzo wetu ulikuwa wa kuchekesha, mnisikilize msije mkaurudia. Meneja alichagua kitabu kinene cha Kiingereza, akakisifia, halafu akazungumza peke yake hadi muda ukaisha. Sisi tulitikisa vichwa. Kikao kilichofuata, Bakari, kiongozi wa kikosi cha uokoaji, alisimama akatoa maelezo matamu mno juu ya kitabu kile, na meneja akampongeza. Baadaye tukagundua Bakari alisoma maandishi ya jalada la nyuma tu, tena akiwa msalani.

Zuhura hakukasirika. Alimwomba meneja, kwa adabu zote za kwao, apumzike kuhudhuria. Akatuletea riwaya nyembamba ya Kiswahili. Akahamisha kikao kutoka mwisho wa zamu, watu wakiwa wamechoka kama magunia, akakipeleka asubuhi kabla ya zamu, kantini, na chai na mihogo ya kukaanga. Tukawa tunasoma kwa sauti, kila mtu kipande chake, ili asiyesoma nyumbani asijifiche. Na akaweka sharti moja ambalo lilitutoa jasho: katika kuzungumza, mdogo kwa cheo anaanza, mkubwa anamalizia. Mkubwa haruhusiwi kuingilia, hata kwa kukohoa.

Masanja alikuja kwa kuamriwa. Alikaa karibu na mlango. Zamu yake ya kusoma ikifika, anasema macho yanamuuma, anampa kitabu jirani. Zuhura anamwacha. Mara ya kwanza, mara ya pili, hadi siku ile Bakari, ambaye mzaha ulimtoka mdomoni kama chafya, aliposema, "Macho yanauma lakini mdomo mzima."

Masanja akasimama. Akamfuata Bakari hadi alipokuwa, akamsimamia, ngumi imekunjwa juu ya meza kati ya vikombe. Zuhura alikuwa amesimama pia. Mimi nilishika birika la chai, sijui nilitaka kufanya nalo nini.

Masanja akachukua kile kitabu mbele ya Bakari. Akarudi kukaa.

"Niliacha shule darasa la sita nikachunge ng'ombe," akasema. "Nasoma polepole. Mwenye haraka atoke."

Akasoma. Kidole chini ya mstari, neno kwa neno, na pale penye neno gumu alirudi nyuma kulichukua upya. Ukurasa mmoja ulikula muda wote wa chai. Hakuna aliyetoka. Tangu siku hiyo hakukosa kikao hata kimoja, na Bakari ndiye aliyekuwa akimwekea kiti.

Riwaya yenyewe ilihusu mwenyekiti wa kijiji aliyechimbisha kisima mahali pasipo na maji, kwa sababu kila aliyejua aliogopa kumwambia. Tulipomaliza, Zuhura akauliza tunamwonaje huyu mwenyekiti. Wa kuanza alikuwa Rehema. Rehema alikuwa fundi umeme wa zile feni kubwa zinazopuliza hewa chini, mgeni kabisa mgodini, sauti yake ndogo hadi kwenye redio nilikuwa namwomba arudie. Akatazama chai yake, akasema:

"Ni kama bosi Masanja."

Vijiko vikasimama kwenye vikombe. Na sharti lilikuwa sharti, Masanja hakuweza kujibu mpaka wote tuzunguke. Tulizunguka, na nawaambia, sikumbuki mtu alisema nini, maana wote tulikuwa tunautazama mshipa wa shingo yake. Ilipofika zamu yake akauliza kitu kimoja tu.

"Kama mimi vipi?"

Rehema akamweleza. Akamtajia ile siku ya chuma chenye ufa, na siku nyingine mbili tatu ambazo hakuna aliyewahi kumtajia. Masanja alisikiliza hadi mwisho, akavaa kofia yake ya kazi akaondoka bila kuaga. Kwa siku kadhaa hakumsemesha. Kisha mchana mmoja nikasikia kwenye redio sauti yake, ile kubwa, imeshushwa: "Rehema, hii feni ya pili inalia vibaya. Wewe unaonaje?" Nilimpigia simu Zuhura papo hapo kumweleza. Alicheka, akasema, "Basi kundi limeshika."

Sasa siku ya moshi.

Ilikuwa mchana wa kawaida. Meneja alikuwa safarini, na Masanja alikuwa amebaki juu kukaimu nafasi yake. Chini, mkuu wa watu alikuwa Ndaki, mwenzetu wa kantini. Na chini alikuwako pia Shija, fundi wa mitambo, mtu asiye na maneno mengi, mume wa mdogo wake Masanja, yule tuliyemwita Mama Limi. Masanja ndiye aliyemleta Shija kazini.

Redio ikaita.

"Mama Kulwa, Shija hapa. Loda inawaka. Haizimiki. Toa harufu."

Kwa msiojua: moto ukitokea chini, tunafungua chupa ya harufu mbaya sana, inaingia kwenye hewa inayopulizwa mgodini. Hata aliye mbali na redio akiinusa anajua aache kila kitu akimbilie chumba cha usalama. Hicho ni chumba cha chuma chenye hewa yake, maji na simu. Nikafungua chupa. Nikapiga king'ora. Nikaita majina. Loda, ile mashine kubwa ya kuzolea mawe, ilikuwa inawakia katika njia kuu, ile ile ya kutokea, kwa hiyo walioko ndani zaidi hawakuwa na pa kwenda ila chumbani.

"Shija, nenda chumbani."

"Niko njia panda," akasema. "Moshi mzito. Watu wanapotea hapa. Nawamulikia."

"Shija, nenda."

"Kuna wa kule mwisho bado."

Nikasikia akiita watu, sauti inakwama. Nikasikia akikohoa. Halafu akabonyeza tena.

"Wamepita wote. Sasa natafuta ukuta."

Ikaja pumzi. Kitufe bado kimebonyezwa, napata pumzi tu, ya mtu anayevuta hewa isiyokuwepo. Kisha kimya. Simu ya chumba cha usalama ikalia. Alikuwa Ndaki.

"Tumefika. Shija hayumo."

Masanja alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikuwa amesikia yote. Sikugeuka. Nilisikia tu akifungua kabati la vifaa vya kupumulia, vile wanavyovaa waokoaji, na nilipotazama alikuwa ameshakipandisha kimoja mgongoni, anafunga mikanda. Bakari aliingia mbio na watu wake wako nje tayari. Rehema alikuja kutoka kwenye feni, mikono ina grisi. Zuhura alikuja kwa sababu alisikia king'ora.

"Tunashuka," Bakari akasema. "Tayari."

Masanja alikuwa kwenye mkanda wa mwisho. Mkono ukasimama. Niliona anavyohangaika, kama mtu anayevutwa na kamba mbili. Akatutazama mmoja mmoja.

"Rehema," akasema. "Anza."

Binti alimjua Shija, wote tulimjua.

"Msiende."

"Kwa nini?"

"Moto uko kwenye njia mtakayopita. Tairi za loda zimeshika moto. Tairi ile ikichemka inalipuka kama bomu, bosi, na kwenye njia nyembamba hakuna pa kujificha. Tusubiri moto uishe na tairi zipoe. Feni tuziache kama zilivyo, tukizigeuza tutawapelekea moshi wale wengine."

"Na Shija?"

Rehema akafumba macho. "Msiende."

Zamu yangu ikafika. Nilisema waende. Nilisema nimemsikia anapumua. Zuhura akasema hajui, halafu akauliza, "Tunajua Shija yuko wapi?" Hakuna aliyejua. Moshi ule, na njia zile zinavyogawanyika, angeweza kuwa popote. Bakari akasema watu wake wamejitolea wenyewe, wanaweza kupita wakijibana ukutani, wanaweza kufika.

"Wanaweza," Masanja akarudia.

Akabaki amesimama na kile kifaa mgongoni. Nje nilisikia pikipiki. Habari ilikuwa imeshafika Runzewe, maana siku hizi simu hukimbia kuliko moshi, na ndugu walikuwa wanashuka getini, wanawake wanalia. Masanja akaanza kufungua mikanda. Alifungua mmoja mmoja, akakiweka kifaa mezani.

"Hakuna anayeshuka," akasema. "Mpaka Rehema na vipimo vyake vya hewa waseme."

Bakari akapiga ngumi mlango. Lakini hakwenda.

Dirisha la chumba changu lilitazama geti, tena lilikuwa wazi, kila neno nililisikia. Nikamwona Masanja akitoka kwenda kule mwenyewe, hakumtuma mlinzi, hakumtuma Zuhura. Mama Limi alikuwa mbele ya watu wote, kanga imemwanguka begani, kandambili moja mguuni.

"Kaka, mume wangu yuko wapi?"

"Yuko chini. Wenzake wako chumbani, yeye hakufika."

"Waliokwenda kumchukua wamesemaje?"

"Hawajaenda."

"Hawajaenda? Mnangoja nini?"

"Moto. Wakienda sasa wanaweza kufa wote."

"Nani kasema wasiende?"

Angeweza kusema ni kanuni za kampuni. Angeweza kusema meneja. Angeweza hata kunyoosha kidole kwenye dirisha langu, ambako Rehema alikuwa amesimama nyuma yangu ameziba mdomo kwa mikono yenye grisi.

"Mimi," Masanja akasema. "Nimezuia mimi."

Mama Limi akampiga kofi. Akampiga tena. Kutoka nyuma ya watu likaja jiwe, likampata begani, na mlinzi akainua kirungu. Masanja akamsukuma mlinzi nyuma, akabaki pale pale, kichwa wazi, mikono chini.

Mchana ule ulikuwa mrefu, wanangu. Mimi nilikuwa na simu ya chumba sikioni. Ndaki akaniuliza, "Mmempata?" Nikasema bado. "Mmeshuka?" Nikakumbuka Masanja alivyosema walioko ndani waambiwe ukweli, maana wakitudaka kwa uongo mmoja hawatatusikiliza tena. Nikasema hatujashuka. Nikasikia zogo, mtu anapiga kelele kwamba Shija aliwamulikia hadi wakapita, hawawezi kukaa humu kama kuku, Ndaki afungue mlango wakamtafute. Mlango ukifunguliwa moshi unaingia kwa wote.

"Ndaki," nikamwambia, "humo ndani mkubwa ni wewe."

Baadaye alinieleza alichofanya. Alikaa chini, mgongo kwenye mlango, akamwambia yule mwenzake, "Sema yote uliyonayo, nakusikiliza. Lakini sitoki hapa." Yule mtu alisema hadi akalia. Mlango haukufunguliwa.

Jua lilikuwa linaelekea kushuka Rehema alipoweka vipimo vyake mezani na kumwambia Masanja kwamba sasa njia inapitika. Bakari na watu wake waliondoka kabla hajamaliza sentensi. Waliwatoa walioko chumbani wote wazima, weusi kwa masizi, wanafunika macho kwa mwanga. Shija walimkuta kwenye njia ya pembeni. Alikuwa ameupata ukuta. Mkono ulikuwa bado uko juu yake. Alikuwa ameufuata upande usioelekea chumbani.

Daktari wa hospitali alisema gesi ya moshi ilimuua muda mfupi sana baada ya redio yake kunyamaza. Na mkaguzi wa migodi alisema uamuzi ulikuwa sahihi. Lakini kuna jambo moja ambalo siwafichi, kwa sababu mkiwa wakubwa litawakuta: tairi hazikulipuka. Ziliungua taratibu hadi zikabaki nyaya. Mtaani Runzewe watu waliliimba hilo. Mbona hazikulipuka? Mama Limi aliwaambia waombolezaji kwamba kaka yake alimwacha mumewe kwa kuogopa tairi. Kwenye maziko kule kwao Shija, Ibadakuli, hakumtazama. Wakubwa wa kampuni walisoma risala, wakasema ajali, wakapanda magari.

Masanja aliacha kuja kantini. Kazini alifika, alifanya kazi yake, alirudi. Ofisi kuu ikaleta wazo la kutengeneza bango lenye picha yake, liandikwe kwamba kusoma vitabu kuliokoa kikosi cha uokoaji. Alimsikiliza mletaji hadi mwisho, akamwuliza kama picha ya Shija itakuwa upande gani wa bango. Bango halikutengenezwa.

Tukawa tunakutana wachache, tunasoma bila kuzungumza. Hadi asubuhi moja mlango wa kantini ukafunguliwa, akaingia Mama Limi, nguo nyeusi, na nyuma yake Masanja. Mama Limi ndiye aliyekwenda kumtoa kaka yake nyumbani. Hakuwa amewahi kukanyaga mgodini tangu siku ile.

"Shikamoo, Mama Kulwa."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu ukae."

Hakukaa. "Nimesikia kabla ya kukataa kwenda mlikaa mkasemezana. Nataka kusikia kila mmoja alisema nini. Sikuja kusamehe mtu. Nimekuja kusikia."

Rehema alikuwa amekwajuka. Masanja akawahi: "Uamuzi ulikuwa wangu, hawa niliwauliza tu."

"Kaka, nyamaza," Mama Limi akasema. "Waache waseme."

Rehema akasimama. Nilimwogopea. Lakini alisema neno kwa neno alichosema siku ile, kwa sauti iliyosikika hadi kwa wapishi. "Mimi ndiye niliyesema wasiende." Mama Limi alimtazama hadi akamaliza. Akanigeukia.

"Na wewe ulizungumza naye mwisho."

Nikamweleza. Njia panda, taa, watu waliopita, ukuta. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini hakuyafuta.

"Alinitaja?"

Wanangu, mezani pale kila mtu alinigeukia. Neno dogo tu lingetosha kumpa kitu cha kulala nacho. Nani angejua?

"Hapana," nikasema. "Hakutaja jina la mtu."

Akaitikia kwa kichwa. "Ungesema alinitaja ningejua unanidanganya. Shija hakuwa na maneno hayo." Ndipo akavuta kiti akakaa. Zuhura akammiminia chai, na aliinywa.

Kabla ya kuondoka alimwambia kaka yake, "Mama yake Shija ameambiwa ajali tu. Kila anayekuja anamwambia hivyo hivyo. Utakwenda umweleze kama mlivyonieleza mimi."

Tulikwenda Jumamosi iliyofuata, Masanja, Mama Limi, mimi na Rehema. Njia nzima hakuna aliyefungua redio ya gari. Tulipofika Ibadakuli Rehema akakataa kushuka. Nikamwacha.

Bibi, mama yake Shija, alikuwa amekaa kwenye ngozi ya ng'ombe, anapepeta choroko. Masanja akapiga magoti. "Mwangaluka, mayu," akamwamkia mama kwa lugha yao. Akaitikia. Masanja akamweleza kwa Kisukuma, taratibu, hakuruka kitu. Alimweleza hata habari ya tairi ambazo hazikulipuka. Bibi aliacha kupepeta. Choroko zilibaki zimelala upande mmoja wa ungo.

"Hao aliowamulikia walitoka?"

"Walitoka, mayu. Wote."

"Na huyo aliyesema msiende, mliyemsikiliza, yuko wapi?"

Tukatazamana. Masanja akafungua mdomo kumkinga, Mama Limi akamshika mkono. Nikaenda kwenye gari. Rehema alitembea nyuma yangu kama mtu anayepelekwa hospitali. Akapiga magoti mbele ya bibi, akamwamkia, sauti ile ndogo.

Bibi akamshika kidevu akamwinua uso. Akamwuliza kwa Kiswahili chake cha shida, aeleweke.

"Wewe. Kesho wakikuuliza tena hivyo, utasema nini?"

Mama Limi aligeuka pembeni. Nilitamani amdanganye yule mzee, Mungu anisamehe, nilitamani aseme hajui.

"Nitasema hivyo hivyo, bibi."

Mkono wa bibi ulibaki pale kidevuni. Kuku alipita katikati yetu, hakuna aliyemfukuza. Kisha yule bibi akamwachia, akageukia nyumba, akaita waliokuwa jikoni walete maji na ugali.

"Kaa," akamwambia. "Umetoka mbali."

Rehema akakaa kwenye ngozi kando yake. Maji yalipoletwa, bibi mwenyewe akachukua jagi, akammiminia mikononi.